Nilikwenda Kuonja Mvinyo, Nikapewa Jembe



Wahenga walituachia usemi kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe siku ya nne, na kwa hakika halikuwa jembe bali kisu cha kumenyea viazi. Leo nataka nikueleze nilivyokipata kisu hicho, na nilichojifunza nikiwa nimekishika, maana naona kinatuhusu sisi tulioko hapa nyumbani.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Machi 2024. Nilikuwa na likizo, na binti wa marehemu kaka yangu alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, mji ulio kiasi cha kilomita 50 mashariki ya Cape Town. Aliniandikia barua fupi akisema: "Baba mdogo, njoo. Nitakupa siku tatu za kutembelea mashamba ya mizabibu, kula na kunywa. Siku tatu zitakazobaki utafanya kazi ya kujitolea pamoja nami." Nilicheka, nikadhani hayo ya kazi ni utani wa vijana. Nikafunga mizigo.

Najua miongoni mwenu wako wasiokunywa, ama kwa dini, ama kwa afya, ama kwa kuuhurumia mfuko. Tafadhali msizime redio. Mazungumzo ya leo yanaanza na mvinyo, lakini hayaishii hapo.

Basi Jumatatu asubuhi tulianza. Bonde la Stellenbosch ni zuri kwa macho. Milima ya mawe imesimama kila upande, na chini yake mizabibu imepangwa kwa mistari iliyonyooka kama daftari la mtoto mwenye adabu. Sisi tumezoea mizabibu ya Dodoma, ambayo kwa sababu hatuna baridi ya kuilaza, mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kule kusini si hivyo. Mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, kati ya Juni na Agosti, na wakati huo ndipo hupogolewa. Kisha huchipua, na mavuno ni mara moja tu, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Aprili. Sisi tulifika zabibu nyekundu zikiendelea kukatwa, na matrekta yakipita na matela yaliyojaa.

Katika kila kiwanda kuna chumba cha kuonjea. Unalipa kiasi fulani, unaketi mezani, unaletewa bilauri nne au tano, na katika kila moja mhudumu anamimina mvinyo kidogo tu, wa kufunika kitako cha bilauri. Anakuambia utazame rangi, uzungushe, unuse, kisha uonje. Mezani kuna ndoo ndogo. Mimi, kwa malezi ya kwetu kwamba mgeni hatupi alichokaribishwa, nilimeza kila tone katika kiwanda cha kwanza, na katika cha pili nikaendelea na uungwana wangu. Tulipokuwa tukienda cha tatu binti akaninong'oneza: "Baba mdogo, ndoo ile ni ya kutemea. Kutema si utovu wa adabu hapa." Nilijifunza siku hiyo, lakini nilijifunza nimechelewa.

Tulishuka pia mahali mvinyo unapotengenezwa, na hapa nieleze kwa kifupi, maana ni elimu. Zabibu zikifika hutolewa kwenye vikonyo na kupasuliwa. Maji ya zabibu karibu zote, hata nyekundu, hayana rangi. Wekundu uko kwenye ganda. Kwa hiyo ukitaka mvinyo mweupe unakamua na kuondoa maganda mara moja, na ukitaka mwekundu unayaacha maganda humo ndani wakati yakichachuka. Kinachofanya kazi ya kuchachua ni hamira. Inakula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kilevi, na hewa chafu inatoka kwa mapovu. Baada ya siku kadhaa sukari imekwisha na kilevi kimefika kama asilimia 13 au 14. Mvinyo mwingine huwekwa katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa miezi mingi. Pipa la kawaida huchukua lita 225, ambazo ni chupa 300 kamili. Na kila chupa imekula kilo moja ya zabibu, au zaidi kidogo.

Kilo hiyo moja, msikilizaji, imekatwa na mkono wa mtu. Kuna mashine siku hizi, lakini katika mashamba mengi ya milimani bado ni mkono na mkasi. Niliwaona wakifanya kazi, wanawake kwa wanaume, wameinama kati ya mistari, kofia pana kichwani, wakijaza kreti na kukimbia nazo kwenye tela. Sisi tulikuwa barazani kivulini na bilauri zetu. Kati yetu na wao palikuwa na hatua kama mia moja. Hakuna aliyetukataza kuzivuka hatua hizo, na hakuna mgeni aliyezivuka.

Siku ya pili tulikwenda Groot Constantia, shamba la kale kuliko yote yale niliyoyaona, ambalo Gavana Simon van der Stel alipewa mwaka 1685. Huyu ndiye ambaye jina lake limo katika jina la Stellenbosch, mji alioanzisha mwaka 1679. Mvinyo mtamu wa Constantia ulisifika hadi kwenye majumba ya wafalme wa Ulaya, na Napoleon alipokuwa kifungoni katika kisiwa cha Mtakatifu Helena alikuwa akiletewa huo. Na mwanzo wa yote ni Jan van Riebeeck, Mholanzi aliyetia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, na ambaye tarehe 2 Februari 1659 aliandika katika kumbukumbu zake kwamba siku hiyo mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa.

Habari hizo utaambiwa kila mahali. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Jumba la Groot Constantia leo ni makumbusho, na ndani yake imeelezwa pia habari ambayo zamani haikuelezwa. Mwaka 1658, mwaka mmoja kabla ya mvinyo ule wa kwanza, meli zilileta Rasini mamia ya watumwa kutoka Angola na Afrika Magharibi. Baada yao, kwa karne moja na nusu, waliletwa wengine, jumla yao wote wapatao 60,000. Walitoka India, visiwa ambavyo leo ni Indonesia, Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Hao ndio waliochimba, wakapanda, wakakamua. Utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1834, lakini waliachwa huru kweli mwaka 1838 tu, baada ya miaka minne ya kile kilichoitwa kujifunza kazi, kana kwamba walikuwa hawaijui.

Jioni ya siku hiyo tulikula katika nyumba ya chakula cha Wamalei wa Rasi, yaani Waislamu ambao wazee wao walikuwa watumwa hao, na wengine wafungwa wa siasa waliohamishwa na Waholanzi kutoka Asia. Nilikula bobotie, nyama ya kusaga yenye viungo na utamu kwa mbali, iliyookwa na yai juu yake, pamoja na wali wa manjano wenye zabibu kavu. Kabla ya hapo waliniletea sambusa, nao wanaiita vivyo hivyo kwa matamshi yao. Achari ilikuwapo. Mishikaki ilikuwapo, ingawa kwao inaitwa sosatie. Nilijiona nimeketi barazani Tanga au Mombasa. Lugha yao ni Kiafrikana, ambayo wengi wetu tulizoea kuiita Kikaburu tukidhani ni ya makaburu peke yao. Kumbe Wamalei hawa waliiandika kwa herufi za Kiarabu, kama mababu zetu walivyoandika Kiswahili. Katika nyumba ile, kwa heshima ya wenyewe, mvinyo hauingii. Tulikunywa maji ya tangawizi, na sikuona kilichopungua.

Siku ya tatu tulifika Franschhoek, bonde walilopewa Waprotestanti waliokimbia Ufaransa mwaka 1688. Hapo tulikula chakula cha mchana cha kifahari, sahani kubwa na chakula kidogo, kila sahani na mvinyo wake. Bili ilipokuja nilifanya hesabu ambayo ningeshauri kila mtalii aifanye. Kuanzia tarehe 1 Machi 2024, siku chache kabla yetu kufika, kima cha chini cha mshahara Afrika Kusini kilikuwa randi 27 na senti 58 kwa saa. Kwa siku ya saa tisa shambani, hizo ni randi 248. Mimi na binti yangu tulikuwa tumekula na kunywa, kwa muda wa saa mbili, mshahara wa mvunaji wa siku sita.

Na hicho kima kidogo hakikuja bure. Mwezi Novemba 2012 wafanyakazi wa mashamba ya zabibu za kula, huko De Doorns katika jimbo hilo hilo, waligoma. Kima chao wakati huo kilikuwa randi 69 kwa siku, wao wakitaka 150. Palikuwa na ghasia, na watu walipoteza maisha. Mwezi Machi 2013 Serikali ikapandisha kima hadi randi 105. Nakuambia haya si kwa kuwasema wenye mashamba, kwani wako miongoni mwao waliojenga shule za chekechea na nyumba bora. Nakuambia ili ujue bilauri imebeba nini.

Ikaja Alhamisi. "Haya, baba mdogo," binti akasema, "leo ni jembe."

Alinipeleka katika kituo cha watoto wa wafanyakazi wa mashamba. Sitakitaja jina, kwani hawakuniomba niwatangaze. Watoto hufika saa nane mchana wakitoka shule, wanapewa chakula, wanasaidiwa kusoma, na saa kumi na moja wanarudishwa makwao. Mkuu wa kituo ni mama wa makamo ambaye wote humwita Tannie, maana yake shangazi. Alinisalimu kwa heshima, kisha akaniuliza: "Unajua kufanya nini?"

Nikamjibu kwamba ninajua kuzungumza redioni.

Akacheka sana. "Hapa hatuna redio," akasema. "Tuna viazi."

Kabla sijaingia jikoni alinisomea masharti. Usipige picha mtoto. Usimpe mtoto mmoja zawadi mbele ya wenzake. Usimbebe wala kumkumbatia mtoto kwa sababu wewe unajisikia vizuri ukifanya hivyo. Na la mwisho: usiahidi kurudi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mzima anavyoitikia mambo anayodhani anayajua.

Niungame kwamba viazi vilinivunja moyo. Nilijiona ninadharauliwa. Nilikuwa nimejiandaa kufundisha, kusimulia hadithi za sungura, kuimba. Saa ya pili ndipo nilipoelewa. Yule mpishi wa siku zote hakuwepo jikoni. Alikuwa ukumbini, ameketi na watoto wanne, akiwafundisha herufi. Mama yule amepata mafunzo ya kusaidia watoto wenye shida ya kujifunza, anajua lugha yao, anawajua mama zao na bibi zao. Lakini kituo hakina fedha ya kuajiri mpishi na mwalimu, kwa hiyo siku nyingi mwalimu huyo hufungwa jikoni na viazi. Sisi wawili kwa kushika visu tulimfungua.

Tannie alinieleza hivi: "Wageni wengi huja wakitaka kukaa na watoto. Wachache huuliza ni nani anayeosha sufuria." Neno hilo nimelibeba hadi leo.

Sasa nikueleze kwa nini watoto wanne wale wanahitaji mtu wa kukaa nao peke yao, maana hapa ndipo kiini cha mazungumzo yangu.

Tangu enzi za utumwa, na kwa miaka mingi baadaye, wenye mashamba ya Rasi walikuwa wakiwalipa wafanyakazi sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mfanyakazi alipewa kikombe asubuhi, kikombe katikati ya kazi, kikombe jioni, siku zote za kazi. Walikiita "dop". Ulikuwa mvinyo hafifu usiouzika, na ulikuwa na faida mbili kwa mwajiri: ulipunguza fedha ya kulipa, na ulimfunga mfanyakazi asiondoke, kwani mlevi ana kamba isiyoonekana. Sheria ya mwaka 1961 ilikataza mvinyo kuwa sehemu ya mshahara, lakini yapo mashamba yaliyoendelea na mtindo huo hadi miaka ya 1990. Na hata kikombe cha bure kilipokoma, kiu haikukoma. Kilichokuwa kikitolewa shambani kikawa kinanunuliwa dukani siku ya mshahara.

Mama mjamzito akinywa, pombe haiishii kwake. Inapita katika damu, inavuka kondo la nyuma, inamfikia mtoto. Ini la mtoto huyo bado ni changa, haliwezi kuisafisha kama la mtu mzima. Kinachoumia zaidi ni ubongo, ambao unajengwa miezi yote tisa. Baadhi ya watoto huzaliwa wadogo na kubaki wadogo, macho membamba, mdomo wa juu mwembamba usio na mfereji chini ya pua. Wengine sura zao ni za kawaida kabisa, lakini ndani mambo si ya kawaida: hawatulii, herufi waliyoijua jana leo imepotea, hawaoni mwisho wa tendo kabla ya kulitenda. Waalimu huwaita watukutu au wajinga. Madaktari wa Ufaransa waliandika juu ya jambo hili mwaka 1968, na wa Marekani mwaka 1973. Watafiti walipoanza kupima watoto wa shule katika miji ya mashamba ya Rasi, kuanzia miaka ya 1990, walikuta viwango vya juu kuliko vilivyowahi kuandikwa popote duniani. Katika baadhi ya jamii hizo ni zaidi ya mtoto mmoja kwa kila kumi.

Ulemavu huu hauna dawa. Mtoto anaweza kusaidiwa, na akisaidiwa mapema anapiga hatua, lakini kilichoharibika hakirudi. Na hapo hapo, msikilizaji, ni ulemavu ambao unaweza kuzuiwa wote. Hauletwi na mbu, hauletwi na maji machafu. Mimba isiyoguswa na pombe haiwezi kuupata.

Mmoja wa watoto wale wanne alikuwa mvulana wa miaka tisa. Ungemwona ungemkadiria sita. Ijumaa alikuja mlangoni mwa jikoni akasimama akinitazama ninavyomenya. Aliniita "Oom", yaani mjomba. Nilimwonyesha namna ya kutoa ganda la kiazi kwa mkanda mmoja mrefu bila kukatika, akafurahi mno, akalivaa shingoni kama shada. Kila baada ya dakika chache akarudi kutaka jingine. Saa kumi na moja gari lilipokuja akaniuliza jambo, na binti yangu akafasiri: "Anauliza kama utakuwepo Jumatatu."

Ndege yangu ilikuwa Jumapili. Nami, ndugu msikilizaji, kwa kuogopa uso ule ubadilike mbele yangu, nikasema ndiyo.

Binti hakunisemesha njia nzima. Tulipofika nyumbani akaniambia taratibu, kwa adabu ya mtoto aliyelelewa: "Baba mdogo, Jumatatu atakaa mlangoni. Mimi ndiye nitakayekuwepo." Sikulala vizuri. Nilijiona si tofauti na yule aliyegawa kikombe asubuhi: nimempa mtu kitu kitamu cha dakika moja, na gharama nimemwachia mwenyewe ailipe nikiwa mbali.

Jumamosi kituo huwa na mkutano wa akina mama, na baadhi huja na watoto. Nilikwenda kwa Tannie kwanza, nikamweleza kosa langu. Hakunigombeza. Alisema tu: "Hapa watoto wameahidiwa mengi. Nenda ukamwambie kweli." Nikamkuta mvulana yule uwanjani, nikachuchumaa, nikamwambia kwa kinywa cha binti: "Nilikosea. Jumatatu sitakuwepo. Ninarudi kwetu, ni mbali, na sijui kama nitakuja tena." Alinitazama kwa muda. Akasema "goed", maana yake sawa, akakimbia kupanga foleni ya mkate. Huo ndio uliokuwa mwisho. Hapakuwa na machozi isipokuwa karibu yawe yangu.

Mama yake alikuwepo, na mgongoni alikuwa na kichanga cha miezi mitano. Alizungumza mbele ya wenzake bila kuficha uso. Alisema mimba ya kwanza alikunywa kwa kuwa kila mtu pale shambani alikunywa, mama yake pia alikunywa, na hakuna mtu aliyemwambia. Mimba ya pili aliambiwa, na wenzake wa kikundi wakawa wanamtembelea kila Ijumaa jioni, siku ya mshahara, ili asiwe peke yake saa ile ngumu. Kichanga kile kilikuwa kinene, macho makali, kimeshika shanga za mama yake hakiziachii. Wale wanawake hawakumshangilia kwa kelele. Mmoja alisogeza kiti karibu naye tu.

Sasa ninayo mambo matatu ya kukuachia, kisha nitakuaga.

La kwanza ni kwa msafiri. Siku hizi vijana wengi, wa kwetu na wa ng'ambo, huchanganya matembezi na kazi ya kujitolea, na ni jambo jema. Lakini ukifika uliza kwanza: kazi gani mkiifanyiwa, mtu wenu mwenye ujuzi atapata nafasi ya kufanya yake? Huenda ukaambiwa uoshe sufuria, upake chokaa, upange madaftari. Fanya hiyo. Siku tatu hazitoshi kumlea mtoto wa mtu, lakini zinatosha kabisa kumenya viazi. Ukiwa na fedha, wape kidogo kila mwezi walipe mpishi. Itafaa kuliko nauli yako ya kurudi kupiga picha. Na usiahidi usichoweza.

La pili ni kwa anayekunywa. Sikukatazi, mimi mwenyewe nimekiri mbele yako kwamba sikuiona ndoo. Ila kitu chochote kinachopendeza mezani kina mkono uliokichuma. Vuka zile hatua mia moja. Uliza waliovuna wanalipwaje na wanaishi wapi. Mwenye shamba mwema atajibu kwa furaha.

La tatu ndilo zito, na ni letu sisi. Usiseme hayo ni ya Rasi. Sisi hatukuwa na dop, lakini tuna mbege, ulanzi, komoni, wanzuki na gongo. Tunao watu wanaomwambia mjamzito kwamba bia nyeusi huongeza damu. Tunazo sherehe ambapo mama mwenye mimba akikataa bilauri huonekana anaringa. Dodoma mizabibu inastawi, nami naona fahari kuinywa mvinyo yake, lakini ubongo wa mtoto haujui kama pombe ni ya Dodoma, ya Stellenbosch au ya kibuyu. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito asinywe kabisa, kwa kuwa hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Na ikiwa mtu alikunywa kabla hajajua ana mimba, asikate tamaa wala asifiche: aache leo, maana kila siku anayoacha ni faida kwa mtoto, na amweleze mkunga.

Lakini nakuomba, usimnyooshee kidole mama peke yake. Yule mama wa kituoni hakuokolewa na vidole. Aliokolewa na jirani waliokuja kuketi naye Ijumaa jioni. Kama wewe ni mume, weka bilauri yako chini miezi hiyo tisa umsindikize. Kama wewe ni mama mkwe, ficha kibuyu. Kama wewe ni jirani, sogeza kiti.

Mimi nilirudi na chupa mbili za mvinyo kwenye sanduku. Moja nilimpa rafiki. Ya pili bado iko kabatini, nami kila nikiiona huulizana na nafsi yangu ni nani anayeosha sufuria.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nakutakia heri.